Mafuta ya Sangara Kwenye Bomba la Umeme

Siku ya kumaliza tanga la baba, ndugu waligawana vitu kabla ya chakula, na baada ya chakula wakaanza kugawana watoto.

Hakuna aliyetumia neno hilo. Walisema "kusaidiana." Lakini baiskeli ya baba ilikwishapata mtu, koti lake la kanisani lilikwishapata mtu, nyavu zilikwishatolewa stoo, na waliobaki hawajapangiwa pa kwenda tulikuwa sisi wanne, tumekaa kwenye mkeka tukiegemea ukuta wa nyumba yetu ya Musoma, ile iliyo juu ya miamba, ambayo ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote na kulifikia lazima uzunguke. Mama alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Mimi nilikuwa kidato cha pili, au niseme nilikuwa nimekiacha, maana tangu baba alazwe sikuwa nimegusa daftari.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyeongoza kikao. Alitoka Butiama, mtu wa ng'ombe na mashamba, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wainame ili waisikie. Akasema mdogo wangu wa kiume aende kwake, kuna mifugo. Mdogo wangu wa kike aende kwa shangazi, Nyasura, pale Bunda. Kitinda mimba wetu aende Kisorya kwa mama mdogo. Mimi ni mkubwa, nitajitafutia. Shangazi alikuwa ameshapanga nguo zao kwenye mifuko mitatu ya salfeti, na mifuko ikatundikwa kwenye misumari mitatu sebuleni, kila mtoto na msumari wake. Niliitazama wakati wote wa maombi.

"Hawaendi," nikasema.

Baba mkubwa hakupandisha sauti. "Mura," akaniita, kama kijana anavyoitwa kwetu, "kuna mtu amekuuliza?"

"Hakuna, baba. Ndiyo maana nasema mwenyewe."

"Utawalisha nini? Haya mawe?"

Watu wakacheka, na si kwa ubaya. Walikuwa wamechoka, walitaka kuwahi magari.

"Nina kazi," nikasema.

"Kazi gani?"

Karibu na mlango alikaa fundi umeme mmoja aliyekuwa akiimba besi na baba kwenye kwaya. Alikuja kuzika, akarudi kumaliza tanga, na wakati ule sahani ilikuwa magotini mwake. Nikamnyooshea kidole. "Kwa huyu. Naanza Jumatatu."

Yule mzee alikuwa na tonge mdomoni. Hatukuwahi kuzungumza habari ya kazi hata mara moja, wala sikujua kama anahitaji mtu. Alitafuna polepole. Alinitazama, akaitazama mifuko ukutani, akanywa maji.

"Saa moja asubuhi," akasema. "Ukichelewa usije."

Baba mkubwa akatoa hukumu yake. "Sawa. Nakuachia. Lakini siku huyu bwana atakapokufukuza, naja na gari. Na hiyo mifuko msiitoe hapo."

Basi mifuko ikabaki. Asubuhi wadogo zangu walitoa nguo za shule humo, jioni wakazirudisha. Tuliishi hivyo, watatu wamefungasha na mmoja hajafungasha, na sikuwa na haki ya kumlaumu baba mkubwa, kwa kuwa udaga, ule unga wa mihogo tuliosongea ugali, ulikuwa wake. Kila baada ya mavuno alipakia gunia kwenye basi la Musoma bila kutuma neno.

Nilidhani fundi umeme ni mtu wa kubadilisha balbu. Huyu hakuwa wa nyumba za watu. Kazi zake zilikuwa viwandani na kwenye maghala, mahali ambapo waya hauwezi kuachwa wazi wala kuwekwa kwenye plastiki: panya wanatafuna, mvuke unapenya, forklifti inagonga. Kule waya hupita ndani ya bomba la chuma, au ndani ya trankingi, ambayo ni kama mfereji mrefu wa bati wenye kifuniko, unaofungwa ukutani ukabeba nyaya nyingi pamoja. Kabla ya waya hata mmoja kuingia, njia nzima ya chuma lazima iwe imekamilika, imenyooka, imeshikana. Ukitazama wiki ya kwanza unaona mafundi bomba. Umeme wenyewe unakuja mwisho, kama bwana harusi.

Nilikabidhiwa tupa na msumeno wa chuma. Nilikata mabomba, nikachonga nyuzi za skrubu kwenye ncha zake ili ziingie kwenye boksi, na kila ncha niliyokata nilipaswa kuisugua ndani mpaka iwe laini. Fundi hakupima kwa macho. Aliingiza kidole chake kidogo ndani ya bomba akakizungusha.

"Linakwaruza," alisema, akanirudishia.

"Kidogo tu, fundi."

"Basi ingiza ulimi wako uzungushe. Kidogo tu."

Alikuwepo mwanafunzi mwenzangu, kijana wa Bugwema aliyenitangulia kazini, mchekeshaji, mvivu wa asubuhi na hodari wa mchana. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Baba Watoto. "Baba Watoto, leta ngazi. Baba Watoto, wanao wamekula?" Nilimjibu kwamba wamekula na wamemwachia ukoko. Sikununa. Jina lilikuwa la kweli, sikuona cha kukataa.

Kukunja ndiko kulikonitesa. Mashine ya kukunjia ni kitu cha chuma chenye miguu mitatu na mkono mrefu. Unalaza bomba kwenye kijia chake, unashusha mkono, na bomba linageuka kona. Linageuka mara moja. Ukipitiliza na kujaribu kulirudisha, linabonyea, na bomba lililobonyea halipitishi waya. Bomba langu la kwanza nililiharakisha nikalipitiliza, nikalirudisha, likabonyea kama kopo lililokanyagwa. Fundi alilinyanyua akalitazama kwenye mwanga.

"Hili hata nyoka hapiti. Libebe upeleke kwako. Uwe unaliangalia mpaka uone aibu."

Nikalibeba begani, kupitia mtaani, kupitia sokoni, watu wakikwepa vichwa. Mama mmoja muuza dagaa akaniuliza, "Wewe mtoto, hiyo ni bunduki ya nani?" Nikafika, nikaliegemeza nyuma ya mlango, mkabala na ile mifuko. Aibu sikuiona. Niliona pale nilipoanza kuvuta kwa nguvu, kabla chuma hakijawa tayari, na kesho yake sikuparudia.

Mwaka ule tulifanya kazi Bunda kwenye kinu cha kuchambulia pamba, tukilala kwenye chumba cha mashine. Wadogo zangu waliangaliwa na jirani wa jumuiya yetu, na Jumamosi nilirudi. Hapo ndipo nilipojifunza trankingi. Vumbi la pamba linaingia kila mahali, na cheche moja inatosha, kwa hiyo fundi alikuwa mkali kuliko siku zote. Kila mahali vipande viwili vya trankingi vilipokutana, tulikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukaunganisha kwa utepe wa shaba, tukakaza, kisha akapima kwa mita kutoka mwanzo mpaka mwisho wa jengo. Kipande kilichofungwa vizuri lakini hakijashikana na wenzake kwa shaba alikiita "yatima."

"Yatima ndiye anayeua," alisema. Kisha akanikumbuka, akakohoa. "Samahani, mura. Ni maneno ya kazi."

"Wa kwetu hawajaachana, fundi," nikasema. "Pima tu."

Kijana wa Bugwema alicheka mpaka akashuka ngazi.

Tulirudi Musoma kufunga mabomba kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Vyumba vya baridi vilihitaji mota mpya, na nyaya nene zilipaswa kushuka kutoka kwenye trankingi ya ukumbini kupitia mabomba yenye kona mbili mbili. Waya mnene haupendi kona. Ili upite, unaupaka sabuni ya maji; mmoja anasukuma juu, mwingine anavuta chini. Siku moja sabuni iliisha katikati ya bomba, fundi akiwa ameenda mjini kutafuta vifaa. Waya ulikuwa umekwama, hauendi wala haurudi.

Sasa, mtu aliyekulia kwenye mwalo wa wavuvi ana dawa moja ya kila kinachokataa kusogea. Kwetu kufuli likigoma, mafuta ya sangara. Mnyororo wa baiskeli ukilia, mafuta ya sangara. Bawaba ya mlango, kifua cha mtoto mwenye mafua, hayo hayo. Na pale kiwandani yalikuwa kwenye mapipa, mlango wa pili tu. Nikachota kopo, nikamimina.

Waya uliteleza kama kambare. Kijana wa Bugwema alipiga mluzi kule chini. "Baba Watoto! Umemfanyia maombi?" Tukapaka na bomba la pili, na la tatu, na yote yaliyobaki upande ule. Fundi aliporudi alikuta kazi imekwisha, akashangaa, akasema safi. Nililala vizuri.

Mota zilipowashwa mabomba yakapata joto. Mafuta yakayeyuka, yakashuka, yakaanza kudondoka kwenye maboksi ya swichi. Tulipoingia asubuhi iliyofuata, chini ya kila swichi ya ukumbi ule alikuwa amekaa paka. Wengine wawili wawili. Wamekaa kwa adabu kama waumini, wameinua nyuso, wakingoja tone. Mmoja mwenye mkia uliokatika alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, analamba boksi. Na kutoka dirishani, kwenye ukuta wote, mstari wa sisimizi ulikuwa unapanda kuingia kwenye trankingi.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

Fundi alikata umeme kwanza. Kisha akafungua boksi, akaingiza kidole, akanusa.

"Nani," akauliza taratibu, "ameweka samaki kwenye umeme wangu?"

"Mimi," nikasema.

"Unajua mafuta yanaufanya nini mpira wa waya? Unajua yule paka angepigwa shoti, halafu anayefuata ni mama wa usafi mwenye fagio bichi?"

"Sikujua."

"Toka. Sitaki kukuona tena hapa wala pengine. Toka!"

Alisema mbele ya msimamizi, mbele ya wale akina mama wa kukata minofu waliokuwa wanaingia zamu, mbele ya paka. Nilitoka. Nilipopita njiani nilikuwa nasikia sauti moja tu, naja na gari, naja na gari. Nyumbani yule jirani wa jumuiya alikuwa anafua uani, akauliza mbona mapema. Nikatazama ile mifuko. Nguo za shule hazikuwemo, zilikuwa shuleni zimevaliwa na wenyewe. Ilikuwa imenywea, na ndivyo nilivyotaka kuiona siku zote.

Nikamwambia, "Kesho nitaondoka mapema zaidi."

Asubuhi mlinzi wa geti alinyoosha rungu. "Wewe si umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa kazi. Kufuta waya hakuna aliyenikataza."

Alifikiria hilo kwa bidii, akanipisha. Nikaenda moja kwa moja kwenye bomba la kwanza, na kwa kuwa umeme wa upande ule ulikuwa bado umekatwa, nikaanza kuvuta waya nje. Nilikuwa nimekuja na vitambaa vyangu, sabuni ya mche na ndoo. Fundi alinikuta nimekaa sakafuni, waya umezunguka kama chatu, nafuta.

"Jana nilikwambia nini?"

"Niondoke."

"Na sasa?"

"Waya ni mchafu, fundi."

"Nimekufukuza, wewe mtoto! Huelewi Kiswahili?"

"Naelewa. Ukitaka mwite mlinzi anibebe, nitamsaidia kufungua mlango. Halafu nitarudi."

Akaniangalia kwa muda, akatema mate pembeni, akaondoka kwenda kwenye trankingi yake. Hakunisemesha siku ile wala zilizofuata. Kijana wa Bugwema alipewa amri asinisaidie, akatii, ila aliacha maji ya moto karibu yangu kila alipopita, akijifanya anayasahau. Nilifuta nyaya zote. Mabomba niliyasafisha kwa kitambaa nilichofunga kwenye uzi wa nyavu, nikakivuta huku na huku mpaka kikatoka kikavu na kisicho na harufu. Waya mmoja ulikuwa umeanza kuvimba; nikauweka pembeni, nikaandika kwa chaki, HUU HAPANA. Paka waliendelea kuja siku kadhaa, wakaniangalia, wakaona hakuna kitu, wakaacha.

Siku nilipoanza kurudisha nyaya, chupa ya sabuni ya maji ilitua karibu na goti langu.

"Ya kuvutia," fundi alisema bila kusimama. "Si ya kunawa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yote. Hakusema nimesamehewa, sikuuliza.

Lakini habari za paka ni tamu, na zilisafiri. Zilitoka kiwandani zikaingia sokoni, zikapanda basi. Wakati tulipopata kazi Butiama, kwenye mashine kubwa ya kusaga mahindi na mihogo, zilikuwa zimefika zamani na kuongezewa paka wengine.

Nilikuwa juu ya ngazi nafunga bomba kwenye kenchi za paa, mweupe kichwani kwa unga, alipoingia baba mkubwa na fimbo yake. Nikamwamkia kutoka juu.

"Marahaba. Shuka."

Nikashuka.

"Nimesikia ulifukuzwa."

"Nilifukuzwa, baba."

"Na hukuniambia."

"Hapana."

"Tulikubaliana, hatukukubaliana? Keshokutwa kuna gari inapeleka ng'ombe Musoma. Narudi nayo na kijana wangu. Mwambie mdogo wako ajiandae. Wengine shangazi yenu atawapangia."

"Haji."

"Mura."

"Haji, baba. Na wengine hawaendi."

Mashine ilikuwa imezimwa kwa ajili yetu, kwa hiyo kila aliyeleta mahindi alisikia. Fundi alitokea nyuma ya mota akifuta mikono. Wazee wale wawili walisalimiana kama watu waliokula tanga moja, wakaulizana mvua, wakaulizana afya. Kisha baba mkubwa akamgeukia.

"Bwana fundi, wewe ni mtu wa kanisa. Sema kweli. Huyu ulimfukuza, hukumfukuza?"

"Nilimfukuza."

Nilishika ngazi. Sikumwangalia fundi.

"Basi," baba mkubwa akasema, "mambo yamekwisha."

"Nilimfukuza kweli kweli," fundi akaendelea, kana kwamba hakusikia. "Mbele za watu, kwa kelele. Hakuondoka. Nikamwambia tena, hakuondoka. Sasa nakuuliza wewe mwenye mifugo. Kitu ukikifukuza kisiondoke, kwenu mnakiitaga nini?"

Baba mkubwa aliegemea fimbo yake. Mama mmoja mwenye ndoo ya mahindi alianza kucheka, akajizuia kwa kanga.

"Tunakiitaga ng'ombe mbishi," baba mkubwa akasema hatimaye.

"Na mnamfanyaje?"

"Unamwacha. Au unamchinja."

"Mimi sichinji," fundi akasema. "Nafunga umeme." Akarudi nyuma ya mota.

Baba mkubwa alisimama pale akichora chini kwa fimbo kwenye unga. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa chini zaidi, nikalazimika kuinama kama wengine.

"Nilikuwa nimeshamtengenezea kitanda. Wanangu wote wameenda mjini. Boma limekuwa kimya."

Hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani anataka mchunga ng'ombe. Lakini sikulegea, na sijutii kwamba sikulegea.

"Likizo atakuja kutembea," nikasema. "Nitamleta mwenyewe. Na nitamfuata mwenyewe."

"Unaniwekea masharti? Mimi?"

"Ndiyo, baba."

Alinitazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye nywele zenye unga. "Ndivyo alivyokuwaga baba yako," akasema. "Mkaidi hivyo hivyo." Akaondoka bila kuaga. Gunia la udaga lilikuja na basi wiki ile ile, limefungwa kwa hasira, kamba imezungushwa na kuzungushwa mpaka tukaikata kwa msumeno wa chuma.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mdogo wangu haendi Butiama. Nilidhani atafurahi.

"Hata kuangalia ng'ombe?" akauliza.

"Likizo."

"Hata ndama?"

"Likizo nimesema!"

Jioni ile ile nikaitoa mifuko ukutani. Nikang'oa misumari, mmoja baada ya mwingine, na mdogo wangu wa kike akaziba matundu kwa udongo. Kisha nikachukua lile bomba lililobonyea nyuma ya mlango, nikakata ncha zake, nikazisugua ndani kwa tupa ingawa hakuna waya wowote ungepita humo, nikalifunga kwa vishikizi vya chuma kwenye pembe ya chumba, kutoka ukuta huu mpaka ule. Tukatundika nguo zetu humo, za wote wanne. Zangu pia.

Halikukaa sawa. Pale lilipobonyea linainama kidogo, na kila nguo unayotundika huteleza taratibu mpaka pale, kwa hiyo mashati, sketi na koti la mvua hurundikana mahali pamoja, huku sehemu nyingine ikibaki tupu. Siku hizi nina wanafunzi wangu wawili, na mmoja alipokuja nyumbani aliuliza kama anitengenezee jingine lililonyooka. Nikamwambia hilo halitoki.